Leseni Haiazimwi

Kijana akija kwangu hapa Mbololo akaniambia ana leseni ya kimataifa, huwa simpongezi. Namwuliza: ya kwenu iko wapi? Wengi hukasirika. Wanasema mimi ni mzee mwenye dharau, na hawakosei. Nimeendesha malori zaidi ya miaka thelathini. Nilianzia Voi enzi za Mwingereza, wakati barabara ya Mombasa ilikuwa vumbi tupu, na hii dharau yangu nimeitolea jasho.

Nawaandikia nyinyi mnaotaka kwenda Arabuni na Ulaya kushika usukani. Najua mnasoma hii kwenye simu huku mmejaza vitu masikioni. Haya, someni hivyo hivyo. Kile kijitabu mnachokibusu kama hirizi si leseni. Ni tafsiri ya leseni. Kazi yake ni kumwambia askari wa nchi ya watu kwamba huko ulikotoka kuna mtu alikukagua akaridhika. Kinamfaa mgeni anayepita. Siku ukishatandika godoro lako na kuanza kula mshahara wa nchi ile, wewe si mgeni tena. Nenda kwa wakaguzi wao, fanya mtihani wao, keti kama mtoto wa shule. Mkiona hiyo ni aibu, ngojeni niwaeleze aibu yenyewe.

Mimi leseni yangu niliipata mara ya tatu. Mkaguzi alikuwa Inspekta mmoja Mwingereza pale Voi, mtu mrefu asiyecheka. Alikuwa akikupeleka kwenye mteremko karibu na ghala la reli, unasimamisha lori likiwa limeelekea juu, kisha anashuka na kuweka kiberiti nyuma ya gurudumu la nyuma. Kazi yako ni kuondoka bila kukiponda. Mara ya kwanza nilikiponda. Mara ya pili lori lilinizimikia, likarudi nyuma, nikakiponda tena, na Inspekta akaniambia nikirudi nije na kiberiti changu. Mara ya tatu nilikwenda nacho. Kilibaki kizima, na jioni ile mke wangu Wakesho alikitumia kuwashia moto wa ugali.

Baada ya kiberiti kulikuwa na maswali ya mdomo. Ukikutana na ndovu barabarani utafanya nini? Mwenzangu mmoja alijibu kwamba atapiga honi. Inspekta akafunga daftari lake, akamwambia arudi nyumbani akaishi. Swali jingine lilihusu mito yetu mikavu: mto ukiwa umejaa na zege la kuvukia limefunikwa na maji, utapita upande gani? Hapo wengi walianguka, kwa sababu hilo halimo katika kitabu chochote. Ulijifunza kwa kuvuka, au kwa kuambiwa na aliyevuka.

Aliyeniambia mimi ni Mzee Athumani, Mswahili wa Mombasa aliyekuwa akiishi Voi, dereva tangu siku ambazo lori lilikuwa na taa za mafuta. Huyo ndiye mwalimu wangu. Siku ya kwanza alinipa hendeli ya kuwashia injini, akanionya niliweke gumba upande mmoja na vidole vingine, nisilizungushe kwenye hendeli. Nilijiona mjuaji. Hendeli ikanirudishia teke, gumba likavimba, wiki nzima nikawa nafungwa vifungo vya shati na mke wangu. Mzee Athumani alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia hendeli si mchumba, haikumbatiwi.

Basi, nikiwa na leseni yangu nikaajiriwa katika shamba moja la mkonge kati ya Voi na Maungu. Halipo tena, limebaki vichaka na nyani. Mwaka wangu wa pili pale akaja fundi mkuu mpya, Mzungu wa Ulaya, lakini si Mwingereza. Kwao wanaendesha upande wa kulia. Huyu alikuja na kijitabu cha kijivu chenye picha yake na mihuri, kimeandikwa lugha nyingi sana, ila si Kidawida, lugha yetu Wataita, wala Kiswahili. Alikitoa kila mahali. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakitoa. Ndani ya wiki mbili laini nzima ya nyumba za wafanyakazi ilikuwa ikimwita Bwana Kitabu.

Kuendesha hakujua. Samahani, najirekebisha: kwao pengine alijua. Hapa alikuwa akiingia kwenye mchanga na magurudumu yamejaa upepo kama ngoma, badala ya kupunguza upepo kidogo. Akishakwama, anakanyaga mafuta zaidi, na lori linajichimbia kaburi. Sisi tunashuka, tunakata matawi, tunayatandika chini ya magurudumu, tunalitoa. Halafu anatuambia barabara zetu ni mbaya. Barabara ilikuwa ile ile tuliyopita sisi kila siku, na hatukuwa na mabawa.

Siku moja nilikwenda naye Moshi kufuata vipuri vya mashine ya kuchakata katani. Kwenye kizuizi cha polisi pale Taveta, kabla hajaulizwa, kijitabu kikawa nje. Askari alikuwa kijana wa Bomeni, hapo hapo Taveta. Alikigeuza juu chini, akaikuta picha, akakuta muhuri, akapiga saluti. Kisha akaniomba mimi leseni yangu. Hiyo aliisoma mstari kwa mstari, mbele na nyuma, akaniuliza na jina la chifu wangu. Tukavuka kuingia Tanganyika. Kule mbele, karibu na soko, Bwana Kitabu akasahau yuko wapi, akashika kulia kama kwao. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani aliruka mtaro, akamtolea maneno ya Kichaga ambayo sidhani yamo katika zile lugha zake nyingi.

Kijitabu kile kilikuwa cha mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, karani wa shamba alimkumbusha kwa adabu kwamba sasa yeye ni mkazi, na mkazi hukata leseni ya hapa. Nilikuwepo mlangoni, nilisikia jibu lake. Alisema ameendesha juu ya milima ya theluji, hawezi kukaguliwa na polisi wa porini kwa kiberiti. Kijitabu akakirudisha mfukoni, akaendelea kuendesha hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi. Nani angemuuliza? Askari waliona rangi ya uso wake wakaridhika. Debe shinda haliachi kutika, na hili lilitika juu ya magurudumu manne.

Sasa niwaeleze la Ijumaa ile.

Ilikuwa mchana, jua linachoma. Tulikuwa tumepakia marobota ya katani kuyapeleka stesheni ya Voi, na behewa lilikuwa linangoja. Mimi nilikuwa kwenye usukani, Bwana Kitabu kando yangu, na juu ya mzigo alikaa Mwakio, taniboi wangu, yaani utingo. Mwakio na mimi tulizaliwa mwaka mmoja na tukabatizwa siku moja. Shamba la baba yake na la baba yangu yalipakana hapa hapa Mbololo. Mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi.

Tulipofika kwenye mto mkavu tukakuta maji. Huku chini hakukuwa kumenyesha hata tone, lakini milimani kulinyesha, na maji mekundu yalikuwa yanafika magotini. Pale palikuwa na drifti, yaani sakafu ya zege iliyolazwa mtoni ili magari yavuke. Ukielekea Voi, upande wa kulia wa zege ulikuwa umeliwa na mafuriko ya nyuma. Lilibaki shimo. Kila dereva wa Voi alijua: maji yakiwepo, unashuka kwanza, unaingia na fimbo, unapapasa njia, halafu unapita kushoto kabisa. Ndilo lile swali la Inspekta.

Nikasimamisha lori. Nikakunja suruali, nikachukua fimbo, nikaingia majini. Bwana Kitabu akatazama saa yake, akasema behewa litaondoka huku mimi naosha miguu. Nilifika katikati nikasikia gia zinasaga. Kugeuka, namwona amehamia kwenye usukani na lori linakuja. Nilipiga kelele apite kushoto, nikamwonyesha na fimbo. Mtu akiogopa, mwili wake hurudi ulikozoea, na wa kwake ulizoea kulia. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, lori likalala ubavu, marobota yakaporomoka, na Mwakio akaporomoka nayo. Robota moja lilimwangukia mguuni. Robota la katani si mto wa kulalia, watu wanne hulinyanyua kwa shida. Sauti aliyoitoa sitaiandika.

Tulimtoa, tukafunga mguu wake kwa vijiti vya mkonge na shati langu. Lori la kokoto lililokuwa nyuma yetu likampeleka hospitali Voi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja, mwenyeji akavunjika mguu.

Nikabaki ukingoni na Bwana Kitabu tukingoja polisi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kile kijitabu hakukitoa. Alikigusa kwa juu ya mfuko, akaacha mkono pale. Uso ulikuwa mweupe kama unga. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe iko leseni ya hapa. Sema iko wewe."

Nilimwelewa mara moja. Kijitabu chake kilikuwa kimekufa miezi mingi iliyopita. Mtu asiye na leseni, amepindua lori, amevunja mtu: hapo hata rangi ya uso isingemsaidia. Mimi mwenye leseni ningeonekana tu ni dereva aliyepata bahati mbaya. Akaniahidi polisi watanipa onyo, shamba litanitetea, na mwezi ujao nitakuwa mkubwa wa madereva na nitahamia ile nyumba ya mawe yenye paa la mabati. Nikikataa, yeye ndiye aandikaye nani afukuzwe. Wakesho alikuwa na mimba ya miezi saba na tulikuwa tunalala chumba kimoja cha udongo kinachovuja.

Inspekta, yule yule wa kiberiti, alipofika akauliza nani alikuwa dereva. Nikasema, "Mimi."

Ndiyo, mimi mwenye dharau. Nilisema mimi. Inspekta akaandika, nikatia sahihi, akaiweka leseni yangu mfukoni mwake, akaniambia nifike kwake Jumatatu asubuhi, kesi ipelekwe kwa hakimu. Ile leseni niliyoitafuta mara tatu ikaondoka katika mfuko wa mtu mwingine, nami nikaitazama ikienda.

Jioni Mzee Athumani alikuja na lori la kuvuta magari. Mimi ni mfupi, siwezi kuona barabara bila kukalia gunia lililokunjwa, na kila dereva wa Voi alinitania kwa hilo. Mzee alilikuta gunia langu limetupwa sakafuni upande wa abiria. Aliniita kando, akanipa gunia, akaniambia, "Leseni ni kama mswaki, mwanangu. Haiazimwi." Halafu akapanda lori lake akaenda, akaniachia mwenyewe niamue.

Mimi nilikuwa nimeshajipa hoja, na hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Nilijiambia: karatasi ya serikali ni ya serikali, mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Nimemdanganya Mwingereza, nani kati yetu hajawahi? Nikasahau kwamba ukijitwika kosa ofisini, linakufuata mpaka nyumbani, na nyumbani lina wenyewe.

Maana sisi Wadawida tuna jambo letu liitwalo kutasa. Mtu akikosewa, hasira haiachwi ikae moyoni. Ikikaa inazaa ugonjwa, na ugonjwa hauchagui, unaweza kumpata aliyekosa au mtoto wa aliyekosewa. Kwa hiyo mwenye hasira huchukua funda la maji au la pombe ya muwa, hulipuliza nje chini mbele ya yule mtu, na husema kwamba imetoka, imekwisha, kila mtu awe mzima. Wakristo wengi walikuwa wakifanya bado, hata kama padri alipenda kujifanya hajui. Na ni jambo la kweli tupu. Hutasiwi kwa kosa lisilo lako.

Jumapili, baada ya ibada, baba yake Mwakio akatokea mlangoni kwangu. Alikuwa amelala hospitalini Voi kando ya mwanawe, kisha akatembea kwa miguu mpaka shambani. Viatu vimejaa vumbi, mkononi ana kibuyu kidogo. Wakesho akamwekea kiti nje. Hakukaa. Aliniambia daktari anasema mguu haujaamua kama utapona au utakatwa. Akasema hataki hasira yake iwe mzigo juu ya ule mguu, kwa hiyo amekuja kuitoa mapema. Alisema hivyo kwa upole, kama vile yeye ndiye anayeomba msamaha.

Akafungua kibuyu, akapiga funda, mashavu yakajaa.

Nikamtazama. Nilimfahamu tangu nikiwa natambaa, nilikula kwake mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Sikuweza. Nikasema, "Baba, si mimi niliyeendesha." Nikamweleza yote pale pale nikiwa nimesimama: fimbo, maji, gia, kulia, kijitabu kilichokufa, na sahihi yangu. Nikataja na nyumba ya mabati, kwa sababu mtu akishaanza kusema kweli mbele ya kutasa hawezi kuchagua vipande.

Alinisikiliza na funda mdomoni. Hakuweza kunikatiza, wala hakutaka. Nilipomaliza, akanitazama muda mrefu mashavu yakiwa bado yamejaa maji. Halafu akameza.

Nililiona koo lake likishuka. Wakesho aliliona pia, akajifunika uso kwa kanga.

"Nilikuja kumwachilia dereva," mzee alisema. "Kumbe dereva hayupo hapa. Aliyepo ni mtu aliyeuza mguu wa mwanangu kwa mabati." Akafunga kibuyu chake akashika njia ya Voi.

Jumatatu nilikuwa kwa Inspekta kabla hajafungua ofisi. Nikasema kweli, na Mzee Athumani akaja kusema habari za gunia. Inspekta alinitukana kwanza kwa kumpotezea karatasi, na alikuwa na haki. Kisha akatuma mtu shambani akalete kile kijitabu. Alikifungua, akasoma tarehe, akakifunga. Bwana Kitabu alipelekwa mbele ya hakimu, na wiki mbili baadaye akapanda treni ya Mombasa na masanduku yake. Nilisikia alipata kazi nchi nyingine, kwa kijitabu kipya. Watu wa aina yake hawakosi kijitabu kipya.

Mimi nilifukuzwa kazi na chumba siku ile ile, na Wakesho akazaa kwa mama yake. Lakini Inspekta alinirudishia leseni mkononi, safi, bila doa la kalamu. Baada ya miezi minne nikapata lori la mboga, kutoka milimani kushuka mpaka Voi, na gari hilo lililea watoto wangu wote.

Mwakio hakukatwa mguu. Ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, akatembea kwa fimbo maisha yake yote. Yeye alinisamehe mapema, tena kwa kicheko. Alisema sasa tuko sawa, kila mmoja wetu ni mfupi mahali fulani. Nilimwomba anisemee kwa baba yake. Alijaribu, si mara moja.

Mimi pia nilijaribu. Nilikwenda na mbuzi, akamfungulia kamba arudi kwangu. Nilituma wazee wa kanisa, akawakaribisha chai, wakazungumza habari za mahindi. Hakunitukana hata siku moja, na tukikutana njiani aliitika salamu yangu. Kwa miaka kumi na mmoja nilipita na lori mbele ya nyumba yake mara mbili kwa wiki, napunguza gia pale, naye ameketi nje anachambua maharagwe. Nilimsubiri ainuke aniite, aagize kibuyu.

Kwa hiyo msije kunionyesha vijitabu. Nilizeeka na leseni isiyo na doa, na yule mzee alizikwa na lile funda tumboni.